Chanda na Pete: Takwimu za Kuoanisha Vipuri na Wajibu wa Lugha

1.0 Utangulizi



Waswahili wanapotaka kueleza watu wawili wasioachana husema kwamba watu hao ni chanda na pete. Usemi huu tumeuzoea katika mazungumzo ya mapenzi na urafiki, lakini tukiutafakari tutaona kwamba ndani yake mna swali la vipimo. Pete ikiwa pana mno huponyoka ikapotea. Ikiwa nyembamba mno haipiti kwenye kifundo cha kidole. Chanda kinene si kibaya, na pete pana si mbaya. Ubaya huzaliwa pale viwili hivyo vinapokutanishwa bila kuangaliwa kama ni kufu.

Mhadhara huu unahusu swali hilo kama linavyojitokeza viwandani. Kiwanda hutengeneza maelfu ya mihimili na maelfu ya matundu ambamo mihimili hiyo itaingia. Je, ni ipi iende na lipi? Wanatakwimu na wahandisi wameunda mbinu za kulijibu swali hili, na mbinu hizo nitaziita hapa uoanishaji wa vipuri. Nimelichagua neno kuoanisha kwa makusudi. Linatokana na kitenzi oa kupitia oana, na maana yake ni kukutanisha viwili vinavyopatana.

Nina makusudi mawili. La kwanza ni kueleza jinsi uoanishaji unavyofanya kazi, na kwamba hesabu yake inaelezeka kwa Kiswahili. La pili ni kutetea hoja moja: kuoanisha hakuondoi tofauti baina ya vipuri, bali huzificha ndani ya jozi. Kwa sababu hiyo, kila jozi iliyooanishwa husafiri na ujumbe, na ujumbe huo usipomfikia fundi atakayeifungua jozi hiyo miaka kumi baadaye, kazi yote ya mwanatakwimu huwa imepotea.

2.0 Tofauti isiyoepukika

Hakuna mashine inayoweza kutengeneza vitu viwili vilivyo sawa kabisa. Kisu cha kukatia chuma huchakaa kidogo kidogo. Kipande kimoja cha chuma huwa kigumu kuliko kingine. Joto la karakana hupanda mchana na kushuka usiku. Mashine yenyewe hutetemeka. Mihimili inayotakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 20 hutoka mmoja ukiwa mnene kwa sehemu chache za elfu za milimita, na mwingine ukiwa mwembamba kwa kiasi kama hicho. Sehemu moja ya elfu ya milimita huitwa maikromita, na ndicho kipimo tutakachokitumia hapa.

Mafundi wa zamani hawakusumbuliwa sana na jambo hili. Seremala alichonga ulimi wa ubao, akachonga tundu lake, akajaribu, akapunguza, akajaribu tena mpaka viwili hivyo vikakaa. Fundi bunduki naye alifanya vivyo hivyo kwa tupa. Kila kitu kilikuwa na mwenzake mmoja tu duniani. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba mkao ulikuwa safi. Ubaya wake ni kwamba kipande kimoja kilipovunjika, hakikuwapo kingine cha kukirithi.

Huko Ufaransa, fundi bunduki Honoré Blanc alijaribu kuiacha njia hiyo. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani mjini Paris, alizuru karakana yake na kuunganisha mitambo ya bunduki kwa kuokota vipande ovyo ovyo bila kuvichagua, na vikakaa. Wazo hilo, kwamba kipuri chochote kiingie mahali pa kingine chochote cha aina yake, ndilo lililokuja kuwa msingi wa viwanda vikubwa. Utaratibu wa kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea, ambao Henry Ford aliuanzisha huko Highland Park mwaka 1913, usingewezekana kama kila kipuri kingehitaji kupigwa tupa.

Hata hivyo, vipuri haviwezi kubadilishana bila mipaka ya ruhusa, yaani kipenyo cha juu kabisa na cha chini kabisa kinachokubaliwa. Hapo ndipo takwimu zilipoingia. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric nchini Marekani, alichora chati ya kutenganisha tofauti za kawaida, ambazo zimo ndani ya utaratibu wenyewe, na tofauti zenye sababu maalumu inayoweza kutafutwa na kuondolewa. Baadaye Genichi Taguchi wa Japani alisisitiza kwamba kuwa ndani ya mipaka hakutoshi. Kwa maoni yake, hasara huanza mara tu kipimo kinapoiacha shabaha, nayo hukua kwa mraba wa umbali huo. Mhimili uliopona kukataliwa kwa maikromita moja si bora sana kuliko ule uliokataliwa.

3.0 Hesabu ya chanda na pete

Tuchukue mfano. Kiwanda kinatengeneza mihimili na matundu. Kinachomhusu mtumiaji ni uwazi, yaani kipenyo cha tundu ukitoa kipenyo cha mhimili. Uwazi ukiwa mdogo mno, mafuta hayapiti na vyuma husagana. Ukiwa mkubwa mno, mashine hugonga na kuvuja. Tuseme wastani wa uwazi unaotakiwa ni maikromita 20, na ruhusa ni kati ya 14 na 26.

Ili kupima mtawanyiko, wanatakwimu hutumia mchepuko sanifu, ambao kwa lugha nyepesi ni umbali wa kawaida wa vipimo kutoka kwenye wastani wao. Tuseme mchepuko wa matundu ni maikromita 4 na wa mihimili ni maikromita 3. Tukiokota tundu moja na mhimili mmoja bila kuchagua, mchepuko wa uwazi utakuwa kiasi gani?

Wengi hujibu 7, kwa kujumlisha. Wengine hujibu 1, kwa kutoa. Yote mawili si sahihi. Vitu viwili visivyojuana vikikutana, kinachojumlishwa ni miraba ya michepuko yao: 16 kwa 9 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kwa hiyo mchepuko wa uwazi ni maikromita 5. Ikiwa vipimo vimetawanyika kwa umbo la kengele, kama ilivyo kawaida, basi takriban jozi 23 katika kila 100 zitatoka nje ya ruhusa tuliyoitaja.

Kiwanda kinaweza kununua mashine bora. Lakini ili jozi mbovu zipungue hadi 3 hivi katika kila 1000, michepuko yote miwili ingelazimika kushuka hadi kufikia sehemu mbili kwa tano za ilivyo sasa, yaani 1.6 na 1.2. Usahihi wa namna hiyo ni wa gharama kubwa.

Sasa tuyapange matundu yote kwa safu, kutoka dogo hadi kubwa, na mihimili vivyo hivyo, kisha tuoze wa kwanza kwa wa kwanza na wa mwisho kwa wa mwisho. Tundu lililozidi wastani kwa maikromita 8 litapata mhimili uliozidi kwa 6, na uwazi wao utazidi kwa 2 tu. Mchepuko wa uwazi sasa ni 4 kutoa 3, yaani 1. Mashine ni zile zile, chuma ni kile kile, wala hakuna kipuri kilichotupwa; ila jozi mbovu zimetoweka karibu zote.

Siri yake imo katika kile nitakachokiita mwandamano, yaani kadiri ambavyo vipimo viwili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Kanuni kamili husema: mraba wa mchepuko wa uwazi ni jumla ya miraba miwili, ukitoa mara mbili ya mwandamano. Vitu vikiokotwa ovyo, mwandamano ni sifuri. Vikioanishwa, mwandamano huwa chanya nao hupunguza mtawanyiko. Na tukikosea tukampa mnene tundu dogo na mwembamba tundu kubwa, mwandamano huwa hasi, na mchepuko huwa 7. Hivyo basi majibu yote matatu, 5, 1 na 7, hutokana na vipuri vile vile. Kinachotofautiana ni nani ameozwa kwa nani.

4.0 Kuoanisha kwa makundi

Katika uzalishaji wa maelfu ni vigumu kumtafutia kila mhimili mwenzi wake mmoja mmoja. Njia iliyozoeleka ni ya makundi. Tuseme ruhusa ya matundu ina upana wa maikromita 12 na ya mihimili pia 12. Bila kuchagua, uwazi unaweza kutofautiana kwa maikromita 24 kutoka jozi iliyobana kabisa hadi iliyolegea kabisa. Tukigawa kila upande katika makundi manne yenye upana wa maikromita 3, tukayaita A, B, C na D, kisha tukaunganisha A na A, B na B, na kuendelea, uwazi hautatofautiana zaidi ya maikromita 6.

Kanuni yake ni nyepesi: gawanya 24 kwa idadi ya makundi. Makundi mawili hutoa 12, matatu hutoa 8, manne hutoa 6, matano hutoa 4.8. Ni dhahiri kwamba faida hupungua kila tunapoongeza kundi. Kundi la pili liliokoa maikromita 12. La tano limeokoa 1.2 tu, ilhali kila kundi huhitaji sanduku lake, alama yake na mtu wa kulihesabu.

Njia hii hutumika sana. Pistoni za injini nyingi hugawanywa katika madaraja ya ukubwa na kupelekwa kwenye silinda za daraja lao. Katika utengenezaji wa beringi, pete ya nje na pete ya ndani hupimwa, kisha huchaguliwa gololi za ukubwa unaofaa. Tuseme njia ya gololi katika pete ya nje imezidi kipimo kwa maikromita 6, na ya pete ya ndani imepungua kwa 2. Uwazi umeongezeka kwa 8. Kwa kuwa gololi hugusa pande zote mbili, tukichagua gololi zilizozidi kwa maikromita 4 kila moja, uwazi hurudi pale ulipotakiwa. Makosa ya pete mbili yamefutwa na chaguo la kitu cha tatu.

5.0 Tatizo la mabaki

Ndoa za makundi zina tatizo ambalo kila mzazi analijua: idadi ya wachumba wa upande mmoja si lazima ilingane na ya upande wa pili. Tuseme tuna matundu 1000, ambayo yamegawanyika 150 katika kundi A, 350 katika B, 350 katika C na 150 katika D. Mihimili 1000 nayo imegawanyika 50, 250, 400 na 300. Jozi zinazowezekana ni 50, 250, 350 na 150, yaani jumla 800. Matundu 200 madogo yamebaki bila waume, na mihimili 200 minene imebaki bila wake.

Mfano huu si wa kubuni kwa kupenda shida. Kisu kinachochonga mhimili kwa nje kinapochakaa huondoa chuma kidogo zaidi, na mihimili hunenepa. Kisu kinachopanua tundu kwa ndani kinapochakaa nacho huondoa kidogo zaidi, na matundu husinyaa. Kwa hiyo kuchakaa kwa visu, ambako ni jambo la kila siku, huzisukuma pande mbili mbali zaidi na kuzidisha mabaki.

Suluhisho zinazotumika ni kadhaa. La kwanza ni kuyapanga makundi kwa idadi badala ya upana, ili kila kundi liwe na robo ya vipuri. Hapo mabaki hutoweka, lakini makundi ya pembeni, ambako vipuri ni vichache na vimetawanyika, huwa mapana, na jozi zake hazipatani vizuri kama zile za katikati. La pili ni kuisogeza shabaha ya mashine moja kwa makusudi, ili itengeneze kile ambacho upande wa pili umekizidisha. La tatu ni kuyaweka mabaki ghalani yakisubiri fungu lijalo, jambo ambalo hufaa ikiwa fungu hilo halina kasoro ile ile. Aidha, siku hizi kompyuta zinaweza kupokea vipimo vya kila kipuri na kutafuta mpangilio wa jozi unaotoa hasara ndogo kabisa kwa fungu zima.

Katika suluhisho zote hizi, chati ya Shewhart bado inahitajika. Kiwanda kinachotegemea kuoanisha bila kuzichunguza mashine zake hufanana na mtu anayepaka rangi ukuta wenye ufa: kwa muda kazi hupendeza.

6.0 Kipimo nacho hukosea

Mpaka hapa tumechukulia kwamba vipimo vyetu ni vya kweli. Lakini chombo cha kupimia nacho kina mchepuko wake. Kikiwa na mchepuko wa maikromita 1 kwa kila upande, basi hata tungeoanisha kikamilifu kwa mujibu wa namba tulizosoma, uwazi wa kweli ungebaki na mchepuko wa takriban maikromita 1.4 unaotokana na upimaji peke yake. Kugawa makundi membamba kuliko uwezo wa chombo ni kujidanganya.

Joto nalo lina sauti. Vipimo vya viwandani hutajwa kimataifa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Mhimili wa chuma wa milimita 20 hutanuka kwa karibu robo ya maikromita kwa kila nyuzi moja. Katika karakana ya Dar es Salaam yenye joto la nyuzi 32, mhimili huo umeongezeka kwa takriban maikromita 3, ambao ni upana wa kundi zima katika mfano wetu. Ikiwa tundu nalo ni la chuma na limepimwa katika joto lile lile, vyote hutanuka pamoja na madhara ni madogo. Hatari ipo pale kimoja kinapopimwa kikitoka mashineni kikiwa moto na kingine kikiwa kimelala ghalani usiku kucha.

7.0 Jozi na ujumbe wake

Sasa nirudi kwenye hoja niliyoitaja mwanzoni. Blanc na wote waliomfuata walitaka kipuri chochote kikae mahali popote. Uoanishaji unarudisha nyuma sehemu ya ahadi hiyo. Kiwanda kimepata usahihi mkubwa kwa mashine za wastani, lakini kimelipa kwa kupoteza uhuru wa kubadilishana. Mhimili wa kundi A hauwezi tena kwenda kwenye tundu la kundi D, ingawa vyote viwili vimo ndani ya ruhusa.

Swali la haki ni hili: nani anailipa gharama hiyo? Kiwandani, masanduku yana alama na wafanyakazi wanazijua. Mzigo hujitokeza baadaye, katika matengenezo. Chukueni mfano wa pampu ya kusukuma dizeli yenye bomba kadhaa. Ndani ya kila bomba mna kibomba kidogo na mchi wake, ambavyo vimesuguliwa na kuoanishwa kwa uwazi wa maikromita chache tu, ili dizeli isivuje kwa shinikizo kubwa. Mchi wa bomba la kwanza si kufu ya bomba la pili, japokuwa kwa macho huwezi kuvitofautisha. Fundi asiyelijua hilo huifungua pampu, akaiosha michi yote katika karai moja, akairudisha kwa kukisia. Hakuvunja kitu, hakupoteza kitu, na kila kipande ni kizima. Lakini mwandamano uliokuwa umejengwa kwa hesabu umerudishwa kuwa sifuri. Injini itakuwa nzito kuwaka, itatoa moshi, na lawama itakiangukia kipuri au fundi, ilhali kilichopotea ni habari.

Nasema habari kwa sababu hicho ndicho uoanishaji unachokiongeza. Haukuongeza chuma wala haukuboresha mashine. Uliongeza ujuzi wa nani ni mwenzi wa nani. Ujuzi huo huandikwa kama herufi iliyogongwa ubavuni mwa injini, kama doa la rangi kwenye beringi za mhimili mkuu, au kama sentensi moja katika kitabu cha maelekezo. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya injini zimeagizwa kutoka nje, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika, na huishi kwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Vitabu vyake mara nyingi huwa katika lugha ambayo fundi anayeifungua injini hakufundishwa vya kutosha, au havipo kabisa.

Hapa ndipo taaluma yetu inapohusika. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na hata kabla yake, kazi kubwa imefanyika ya kuunda istilahi. Lakini istilahi hutimiza wajibu wake pale tu inapobeba dhana nzima. Tukiifasiri mipaka ya ruhusa kuwa uvumilivu kwa kulifuata neno la Kiingereza, fundi atadhani chuma kimeambiwa kisubiri. Tukimwambia kwamba kipimo kina ruhusa, kwamba vipuri viwili vina uwazi, na kwamba mchi huu ni kufu ya bomba hili peke yake, ameelewa kabla hatujamaliza sentensi. Maneno hayo anayo tayari. Tunachotakiwa kufanya ni kuyapa mipaka na kuyatumia bila kuyumba.

8.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, tumeona kwamba vipuri viwili vikiokotwa ovyo huchanganya tofauti zao kwa jumla ya miraba. Kwamba kuvioanisha huzifanya tofauti hizo zifutane. Kwamba makundi machache huleta sehemu kubwa ya faida. Na kwamba mabaki, makosa ya vipimo na joto huweka kikomo kwa faida hiyo. Tumeona pia kwamba tofauti haijaondoka, imehamia ndani ya jozi, na kwamba anayeilinda mwishoni ni fundi.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wa ufundi na walimu wa Kiswahili wakae meza moja, waandike maelekezo mafupi ya matengenezo ambamo kila alama ya kuoanisha imeelezwa sababu yake pamoja na amri yake, kwa kuwa mtu hulinda vizuri zaidi kile anachokielewa. Pili, wanafunzi wetu wa takwimu wafundishwe kulieleza somo lao kwa lugha ambayo karakana inaitumia, wakianza na mfano wa namba 5, 1 na 7 ambao hauhitaji zaidi ya kujua mraba na kipeuo.

Sonara anayeipima pete kwenye kidole cha mteja hana shida ya kusahau, kwa maana chanda chenyewe kipo mbele yake na mwenye chanda anasema inabana au inalegea. Chuma hakisemi. Atakayekisemea ni yule aliyekipima, na ni lazima aseme kwa lugha inayosikika pale kinapofunguliwa.